Mafuta Katika Ini la Baba

Asubuhi za Mektrida zilifanana. Aliamka kabla ya jua, akachota maji mferejini, akakata majani ya ng'ombe pembezoni mwa kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, akafagia ua uliojaa majani makavu ya migomba. Kisha alikunywa uji wake akiwa amesimama, maana shule ilikuwa juu mlimani na Mwalimu Hosea hakuwa na msamaha kwa wachelewaji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, mwaka 2002.

Baba yake, Sylvanus, aliondoka wakati huohuo na pikapu yake kuukuu iliyopakiwa kreti za soda na mikate. Alisambaza bidhaa hizo madukani, kuanzia Marangu Mtoni mpaka Himo. Zamani alikuwa mpagazi. Bei ya kahawa ilipoanguka, wanaume wengi wa Marangu walikwenda kubeba mizigo ya watalii, naye alikuwa mmoja wao. Kwa miaka tisa alipanda na kushuka Mlima Kilimanjaro akiwa na mzigo kichwani, mpaka akapata mtaji wa kununua pikapu. Sasa ilikuwa miaka sita tangu aache upagazi, na kitambi chake kiligusa usukani. Watu walimsifu njiani, "Baba Mektrida, umependeza! Pesa zimekukubali!"

Mektrida alijivunia jambo moja kuliko pikapu na kuliko kitambi. Baba yake hakunywa pombe. Watu wa kwao walikunywa mbege kwenye ubatizo, harusini na matangani, lakini Sylvanus aliomba soda. Baba yake mzazi alikufa kwa sababu ya gongo, macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Siku ya maziko Sylvanus alikuwa na miaka kumi na saba. Alisimama kando ya kaburi akaapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake, na haikuugusa. Ndiyo maana parokia ilipoanzisha Umoja wa Kiasi, kikundi cha watu walioapa kuacha pombe, yeye ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti.

Lakini mwaka ule baba alianza kuchoka. Alirudi nyumbani saa kumi jioni akaketi kama gunia, akishika upande wa kulia chini ya mbavu. Mama alimsihi mpaka akaenda kwenye zahanati moja mjini Moshi. Alirudi amenuna. Karatasi aliyopewa aliikunja akaitia mfukoni, na alipoulizwa alijibu, "Hakuna kitu," kwa sauti iliyofunga mazungumzo.

Siku nne baadaye, wakati wa mapumziko, Mektrida alikuwa amepanga foleni bombani na ndoo yake. Mbele yake walikuwa wasichana watatu, na mmoja wao alikuwa Tabitha, ambaye mama yake alifanya usafi kwenye ile zahanati.

"Mwenyekiti wa Kiasi," Tabitha alisema bila kugeuka. "Kumbe naye anapiga kisirisiri."

"Unamsema nani?" Mektrida aliuliza.

Tabitha aligeuka. Alionekana kushtuka kidogo, lakini wenzake walikuwa wanamtazama, akaona aibu kurudi nyuma. "Baba yako. Mama ameona karatasi yake kwa macho yake. Ini lake limejaa mafuta. Na ini halijai mafuta kwa kunywa maji!"

Wasichana walicheka. Mektrida hakukumbuka baadaye jinsi alivyoinyanyua ndoo. Alikumbuka tu mlio wake, na damu kwenye mdomo wa Tabitha, na mikono ya Mwalimu Hosea ikimvuta nyuma kwa sweta.

"Amekufanya nini?" mwalimu aliuliza ofisini.

Kujibu swali lile kulimtaka Mektrida ayarudie yale maneno, naye asingeyarudia hata kwa viboko.

"Haya. Utalima bustani ya shule wiki nzima. Na Jumatatu nataka kumwona mzazi."

Alirudi nyumbani akitembea haraka huku akipiga mawe teke. Alimkuta mama yake, Victoria, ameketi jikoni akimenya ndizi za mtori. Kisu kilikuwa kinapita kwenye maganda kwa nguvu isiyo ya kawaida.

"Mama, watu wanasema baba..."

"Nimesikia," mama alimkatiza. "Nimesikia sokoni, mbele za watu, kama mtu asiye na nyumba. Nimepekua stoo. Nimepekua chini ya viti vya gari. Hakuna chupa ya pombe hata moja, ni chupa za soda tupu tu. Lakini mtu mwenye akili atafichaje nyumbani?"

Mektrida alikuwa amempasua mwenzake mdomo kwa sababu aliona ni uongo. Sasa mama mwenyewe hakuwa na hakika.

Saa kumi na moja pikapu iliingia uani. Baba alishuka akaubamiza mlango.

"Wameniambia nikae pembeni!" alisema kabla hata ya kusalimiwa. "Katibu Thadeus kanifuata mpaka dukani kwa watu. Ati uenyekiti usubiri mpaka mambo yawe wazi. Mambo gani?"

"Mafuta kwenye ini," mama alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Yule mganga wa zahanati hakuniuliza hata swali moja. Alitazama karatasi, akanitazama tumbo, akasema, 'Mzee, acha pombe, utakufa.' Mimi! Nilimwambia sijawahi kuonja. Akacheka. Unajua alisema nini? 'Wote mnasema hivyo.'"

"Basi mafuta yametoka wapi?"

"Nitajuaje? Mimi daktari?"

"Mimi nimekupikia miaka kumi na mitano, Sylvanus. Kama unakunywa huko barabarani, niambie mimi kabla sijaambiwa na wauza nyanya!"

Sauti zilipanda. Majirani walikuwa wamesimama njiani wakijifanya wanafunga kamba za mbuzi. Mektrida aliwaona, na hasira yote ya siku ile, ya bombani, ya ofisini na ya njiani, ikamwangukia mtu asiyestahili.

"Babu alikufa kwa gongo, na wewe unamfuata!" alipiga kelele. "Umetudanganya wote! Nimempiga Tabitha bure!"

Baba aliinua mkono. Mektrida alifumba macho akingoja kofi, lakini kofi halikuja. Alipofumbua, mkono ulikuwa umeshuka na uso wa baba ulikuwa umepauka.

"Hata wewe," alisema, akaingia ndani.

Siku zilizofuata nyumba ile haikuwa na maneno. Baba alisalimiwa akaitikia, akala, akaondoka. Jumatatu mama alikwenda shuleni, akarudi na kumwambia Mektrida jambo moja tu: "Mtu ukimpiga, umeshindwa kumjibu." Mektrida alilima bustani peke yake huku Tabitha akipita mbali, mdomo umevimba. Kila jembe lilipoingia udongoni alijiuliza nani amkasirikie zaidi, na jibu lilibadilika kila siku.

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kumsaidia baba kushusha mikate. Alidhani safari hii ataachwa, lakini baba alifungua mlango wa pikapu akasema, "Panda." Wakashuka barabara bila neno.

Siku hiyo Mektrida aliamua kumchunga. Kama anakunywa, alisema moyoni, leo nitamwona. Hakumwondolea macho. Duka la kwanza, kreti mbili ziliposhushwa, baba alifungua soda ya orenji akainywa yote akiwa amesimama. Duka la pili, soda nyingine, na maandazi matatu. Kabla ya kutoka Marangu Mtoni alinunua chipsi mayai akala akiwa nyuma ya usukani. Njiani kuelekea Himo alifungua soda ya tangawizi kwa meno. Himo, nyama choma na ndizi, na soda mbili za kuteremshia, kisha tatu nyingine kwenye maduka yaliyobaki. Siku nzima mwili wake ulitoka kwenye kiti cha gari na kurudi kwenye kiti cha gari, na kreti zenyewe zilishushwa na vijana wa madukani. Wenye baa walimwita kwa utani, "Mwenyekiti, njoo upoze koo!" Hakugeuza hata shingo.

Kufikia saa tisa Mektrida alikuwa amehesabu soda nane. Pombe, hakuna hata tone.

Aibu ilimpanda usoni ikawa moto. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza kuomba radhi, pikapu ilipopunguza mwendo kwenye mlima na kusimama kando ya barabara. Baba aliegemea usukani, jasho likimtiririka, mkono wake umeshika mbavu.

"Baba! Unaumwa?"

"Itapita."

"Twende hospitali. Twende ile kubwa ya Moshi."

"Wakanitukane tena?" Baba aligeuka, macho yameiva kwa hasira. "Nikakae kwenye benchi, aje mtoto mdogo aniambie wote mnasema hivyo?"

"Wakikutukana nitakuwepo," Mektrida alisema. "Nitawaambia nimekaa na wewe kutwa nzima na hukunywa. Baba, nisamehe. Nilikutukana mimi kabla yao."

Malori mawili yalipita yakitikisa kioo. "Jumatatu," baba alisema hatimaye. "Na mama yako aje. Nataka naye asikie kwa masikio yake."

Daktari waliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke wa makamo aliyezaliwa palepale Moshi, mtoto wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Jina lake lilikuwa Daktari Manju. Alizungumza Kiswahili haraka, na aliwakaribisha wote watatu wakae.

"Shikamoo, Daktari," Mektrida alisema.

"Marahaba. Baba, nieleze."

Sylvanus alieleza maumivu yake, kifo cha baba yake na miaka ya upagazi, huku akitazama ukuta, kama mtu anayesomewa mashtaka. Alipofika kwenye maneno ya mganga wa zahanati, daktari aliweka kalamu chini.

"Hawakukuuliza kama unakunywa?"

"Waliniambia niache."

"Na karatasi yako ikasomwa na nani?"

"Na kijiji kizima, Daktari."

Uso wa Daktari Manju uliiva. "Hilo ni kosa, na nakwambia kwa hasira kabisa. Mgonjwa huulizwa, hahukumiwi. Na siri yake haitoki nje ya mlango huu. Hata ungekuwa unakunywa pipa zima kila siku, ungekuwa na haki ileile."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mektrida kumwona mtu mzima akikasirika kwa ajili ya baba yake, wala si dhidi yake.

Wauguzi walimtoa baba damu. Wakampaka baba mafuta ya baridi tumboni na kumpima kwa ile mashine inayoonyesha picha ya ndani. Wakangoja mpaka mchana. Walipoitwa tena, daktari alikuwa na karatasi tatu mbele yake.

"Ini lina mafuta, ni kweli. Homa ya ini haipo. Sukari ya damu imepanda, imesimama mlangoni mwa kisukari. Sasa niambie unakula nini."

"Chakula cha kawaida tu."

"Soda?"

"Moja moja."

Mektrida alitazama vidole vyake. Alijua akisema, baba atakasirika. Alijua pia kwamba kimya kingemrudisha baba nyumbani na maumivu yaleyale.

"Baba, si moja moja," alisema. "Jumamosi zilikuwa nane. Na maandazi, na chipsi mayai, na nyama Himo."

"Nyamaza wewe!" baba alifoka.

"Chipsi?" Mama aligeuka kwenye kiti. "Unakula chipsi na nyama njiani, halafu unakuja kumaliza sufuria yangu?"

"Ningebakiza ungesema nimekula kwa mwanamke mwingine!"

Daktari aligonga meza kwa kalamu. "Mwacheni mtoto. Tangu asubuhi ni yeye peke yake aliyenisaidia." Akamgeukia Sylvanus. "Ulipokuwa mpagazi ulikula nini?"

"Ugali, Daktari. Sahani mbili, tatu. Ukipanda kwenye baridi na kilo ishirini na tano kichwani, usipokula unaanguka."

"Ulikuwa na kitambi?"

Baba alitaka kucheka. "Kitambi? Mbavu zilihesabika."

"Sasa sikiliza. Chakula ndicho kuni za mwili. Tumbo hukisaga, sukari inayopatikana huingia kwenye damu, na misuli huichoma ili upate nguvu ya kutembea, kubeba, hata kuvuta pumzi. Ile isiyotumika mara moja, sehemu yake huwekwa akiba kwenye ini, ili ukilala bila kula mwili usikose nguvu. Lakini nafasi ya akiba hiyo ni ndogo. Ikijaa, ini haliwezi kukataa. Hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Mengine hupelekwa tumboni na kiunoni. Mengine hubaki humohumo ndani ya ini."

Baba alikuwa ameinama mbele. "Kama nduwa," alisema polepole.

"Nduwa ni nini?"

"Bwawa letu la mfereji. Maji huingia usiku, asubuhi tunafungulia yaende mashambani. Yakiendelea kuingia na hakuna anayefungulia, linafurika, kingo zinamomonyoka."

"Basi ndivyo," daktari alisema. "Ulipokuwa mpagazi, misuli ilifungulia kila siku. Umekaa kwenye kiti cha gari miaka sita, hakuna aliyefungulia, na bado unakula kama mpagazi. Soda ndiyo mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya sukari yake huenda moja kwa moja kwenye ini. Na kwa kuwa hukuitafuna, tumbo halijui kwamba limekula."

"Na pombe?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pombe nayo husafishwa na ini, na huacha mafuta yaleyale. Barabara mbili zinafika soko moja, mama. Lakini ukimwona mtu sokoni, huwezi kujua amepita barabara ipi mpaka umwulize."

Mama aliinamisha kichwa.

"Mafuta haya yakikaa, ini huvimba," daktari aliendelea, "kisha hujaa makovu. Makovu hayatoki. Baba yako mzazi alifika huko. Wewe bado. Ini lako lina mafuta, na mafuta hutoka. Sina kidonge cha kuyatoa. Acha soda kabisa. Punguza sahani. Kula maharage, mboga, ndizi kiasi bila kumwagia mafuta. Na kila siku tembea au lima mpaka utoke jasho, ini lifungue akiba yake misuli iichome. Usikimbilie kushinda na njaa. Punguza polepole, urudi baada ya miezi mitatu, kisha sita."

Sylvanus alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Miaka ishirini na minne nimekimbia pombe!" alisema. "Miaka ishirini na minne! Kila sherehe naomba soda, naona nimeokoka. Na ninaisambaza! Watoto wananyoosha mikono kwenye gari langu, nawapa kama zawadi!"

"Hasira hiyo ni nzuri," Daktari Manju alisema. "Ipeleke shambani."

Na huko ndiko alikoipeleka. Haikuwa rahisi, na aliyesema hasira hupoa upesi hakuishi katika nyumba ile. Wiki ya kwanza bila soda baba aliumwa kichwa na kumfokea kila mtu, pamoja na ng'ombe. Mama naye aliumia kila sahani iliporudi jikoni ikiwa na mabaki. "Kwetu mume akibakiza chakula ni tusi," alisema, na siku mbili hawakusemeshana. Mektrida ndiye aliyetafuta sahani ndogo, ili anayepika aone imekwisha na anayekula asizidishe.

Baba aliiacha pikapu Marangu Mtoni jioni na kupanda mlima kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini. Mwanzoni alisimama kila kona kuvuta pumzi. Alijiunga na wanaume waliosafisha mfereji. Alibeba samadi, akapalilia kahawa ya babu iliyoachwa kwenye magugu. Mikate aliendelea kuisambaza, lakini alipata wateja wa maharage na mboga kutoka vihambani, na soda akaziacha kidogo kidogo mpaka gari likawa halibebi kreti hata moja.

Siku moja kwenye bustani ya shule, Mektrida alimwendea Tabitha. "Nilikupasua mdomo," alisema. "Nisamehe. Lakini baba hanywi. Ni sukari na kukaa."

Tabitha alichora udongo kwa kidole cha mguu. "Mama alisema mafuta ya ini ni ya walevi. Nilimwamini."

"Hata mimi niliamini," Mektrida alisema, na kukiri huko kuliuma kuliko viboko. "Ila karatasi ya mgonjwa si ya kusimulia."

"Najua. Nisamehe na wewe."

Miezi mitatu ilipopita, suruali za baba zilishikwa kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya. Maumivu yalikuwa yamepungua. Hapo ndipo watu walipopata neno jipya. Mektrida alilisikia dukani Marangu Mtoni, akiwa amesimama nyuma ya baba na kikapu cha mayai.

"Amekwisha," mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Anavyokonda vile, ni ukimwi tu."

Mikono ya Mektrida ilikaza kikapu. Lakini kabla hajafungua mdomo, baba aligeuka. Alikuwa amesikia. Mshipa ulimsimama shingoni.

"Niulizeni!" alisema kwa sauti iliyojaa duka. "Nipo hapa, nina masikio na mdomo. Niulizeni mimi! Nilipokuwa na kitambi nilikuwa mgonjwa, mkanisifu. Sasa napona, mnanizika. Na mwenye ukimwi akipita hapa, naye ni jirani yenu. Mpeni pole, msimchambue kama maharage!"

Mwenye duka alijitia kupanga sabuni. Yule mwanamke alitazama chini, kisha, kwa sauti ya kukwama, akauliza, "Basi ulikuwa unaumwa nini, Baba Mektrida?"

Baba alivuta pumzi. Akamweleza palepale, kuanzia ugali wa mpagazi mpaka soda nane. Walipoondoka, wanawake wawili walimfuata nje kumwuliza kuhusu waume zao.

Baada ya miezi sita Daktari Manju alimpima tena kwa ile mashine. Alitazama picha kwa muda mrefu, mpaka mama akaanza kusali. "Mafuta yamebaki kidogo sana," alisema, "na sukari imeshuka. Endelea hivihivi, maana ukirudi kwenye soda na kiti, nayo yatarudi."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Umoja wa Kiasi ulikutana katika ukumbi wa parokia. Katibu Thadeus alisimama akakohoa. Alisema ukweli umejulikana, ndugu yao ni msafi, na wanamwomba arudi kwenye kiti chake. Watu walipiga makofi. Mektrida na mama, waliokuwa wamekaa nyuma, nao walipiga.

Sylvanus alisimama, lakini hakutabasamu.

"Mmeniita msafi," alisema. "Ningekutwa nakunywa, mngeniita nani? Hakuna hata mmoja kati yenu aliyekuja nyumbani kuniuliza, 'Ndugu, unaumwa nini?' Nimewakasirikia miezi sita. Kisha nikakumbuka Rogath. Miaka miwili iliyopita alikunywa kwenye msiba wa mkewe, nasi tukamfuta uanachama. Mimi ndiye niliyesoma jina lake hapa mbele. Anaumwa, tumbo limemvimba, na sijakanyaga kwake. Nilifanyiwa miezi michache kile nilichomfanyia yeye miaka miwili. Kiti nitakirudia, lakini si leo. Leo nakwenda kwa Rogath kumwomba radhi, na kesho nampeleka hospitali. Anayetaka kuja, aje."

Alitoka. Viti vikaanza kusogea. Walitoka watu saba, na Thadeus alikuwa wa mwisho wao.

Njiani baba alitembea haraka, na Mektrida alilazimika kukimbia kidogo ili awe naye sambamba.

"Baba, bado umekasirika?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Kidogo."

"Si vibaya," baba alisema. "Kuna mambo yanastahili hasira. Siri ya mgonjwa kutangazwa, inastahili. Mtu kuhukumiwa kwa tumbo lake, inastahili. Lakini hasira isiyouliza kwanza humpiga asiye na kosa. Mimi nilimkasirikia mganga mpaka nikakataa kutibiwa, na ini langu ndilo lililoumia. Wewe ulimpiga Tabitha, kisha ukanipiga mimi kwa maneno. Uliza kwanza, mwanangu. Na mwili nao uulize: nimekupa nini leo, na nimekutumia kwa kazi gani? Hausemi uongo. Mimi nilisema soda moja moja, lakini ini halikukubali."

Walikuwa wamefika kwenye uzio wa Rogath wa isale, mmea ambao Wachagga huombea msamaha kwa jani lake. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani mtu alikohoa. Baba alivua kofia.

"Hodi," aliita. "Rogath, ni mimi, Sylvanus. Nimekuja kukuuliza hali."